Wavu Uliopinda

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kuoga. Nilikuwa nimejipaka mafuta, nikajipulizia marashi kama mtu anayekwenda kanisani, maana mimi kazi ni kazi, lazima mtu aende akiwa nadhifu. Msimamizi wa Mizinga, Mtanzania wa Tabora, mtu mrefu mwenye sauti ya pole, alininusa tu akarudi nyuma. "Dada yangu, nyuki hawapendi manukato. Nenda kaoge kwa maji matupu, kisha urudi." Nikapanda basi kurudi nyumbani kwangu Wheaton nimenuna, nikisema moyoni, jameni, hii Amerika ina vituko.

Na sikuwa nimewahi kukaribia mzinga maishani. Kwetu Makueni mizinga ilikuwa mambo ya wanaume. Mwanamke aliletewa asali, hakuifuata. Mimi nilikuja huku kutunza wazee, mgongo ukakataa, ndipo mama mmoja wa kanisani akaniambia kuna kampuni inafuga nyuki juu ya mapaa ya maofisi. Nyuki juu ya ghorofa! Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Lakini nilienda, na nikakaa huko mpaka nikastaafu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa shamba moja nje kidogo ya College Park. Mkuu wa Shamba, Mmarekani mzee asiyependa maneno, ndiye aliyenifunza kushika bomba la moshi, kile kikopo cha bati tunachopulizia moshi ili nyuki watulie. "Polepole," ndilo neno lake. Ukiinua fremu, ule mraba wa mbao nyuki wanamojengea sega, polepole. Ukiumwa, polepole. Nikiwa na haraka alikuwa ananinyang'anya vifaa na kunikalisha kitako kama mtoto.

Baadaye nikahamishiwa Arlington, kwenye paa la jengo kubwa la ofisi. Huko ndiko nilikojua mateso ya wavu wa malkia. Nyie mnaonunua asali dukani hamjui kitu hiki, basi niwaeleze. Mzinga wetu ni masanduku yaliyopangwa moja juu ya jingine. Sanduku la chini ni nyumba ya malkia, anakotaga mayai na majana, yaani watoto wa nyuki, wanakokulia. La juu ni la asali. Katikati tunalaza wavu wenye nafasi nyembamba: nyuki wa kazi anapita, malkia kwa ule ukubwa wa kifua chake hapiti. Wavu ukiwa mzima, asali inabaki safi. Ukiwa mbovu, malkia anapanda juu, anataga ndani ya asali, na siku ya kurina unaweza kumbeba bila kujua. Mzinga ukibaki bila malkia, usipowahi kuutengeneza, unakufa.

Nyavu mbovu nimeziona za kila aina. Za waya, mtu anazibandua kwa nguvu, waya mmoja unapinda, basi. Za plastiki nazo zinajaa nta na gundi ya nyuki mpaka nyuki wa kazi wenyewe wanakwama.

Kiangazi kimoja tulipoteza mzinga kwa uzembe wa watu waliokuwa na haraka. Meneja wa kampuni akatuita sote. "Wenye jengo wamechoka na sisi," alisema. "Mzinga mwingine ukifa kwa uzembe, aliyehusika aende nyumbani." Kando yangu alisimama Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu, mgeni kazini, angali kwenye majaribio. Alikuwa ameacha kazi ya usiku ya kutunza wagonjwa ili awe anawaona watoto wake jioni.

Mama Furaha alikuwa msafi kupita kiasi. Kule kwa wagonjwa alizoea kuchemsha na kuua vijidudu kila kitu, na hiyo tabia akaja nayo. Siku tuliyorina asali Arlington, kazi ilienda vizuri, isipokuwa sanduku moja ambalo nyuki wake waligoma kutoka. Walijibana kwenye fremu moja, hata tulipowafukuza. "Hao wavivu, watatoka wenyewe," alisema Msimamizi. Tukapakia, tukarudi ghalani kwetu Wheaton.

Asali tunayouza ndani ya sega lazima kwanza igandishwe kwenye friza, ili mayai ya nondo, wale wadudu wanaokula sega, yafe. Mama Furaha akaanza kuingiza fremu za masanduku yale. Mimi nikakaa mezani kukwangua nyavu. Nikachukua wavu wa plastiki wa ule mzinga wa wagomaji, nikaulaza mezani. Haukulala. Pembe moja ilikuwa imeinuka kama chapati iliyoungua upande. Kwa nafasi ile malkia angepita. Wale nyuki hawakuwa wavivu hata kidogo. Walikuwa na mama yao.

"Fungua friza!" nilipiga kelele. "Malkia yumo humo!"

"Yesu wangu!" Mama Furaha akaangusha kitambaa cha kufutia meza.

Tukatoa fremu, Msimamizi akizigeuza moja moja. Hapa asali, hapa asali, hapa tena asali. Kisha tukaona majana katikati ya sega, na juu yake bonge dogo la nyuki walioganda. Katikati yao alikuwa malkia, mrefu, miguu imekunjwa, hatikisiki. Ngai wangu, nilijua tumekwisha.

Mama Furaha akamchukua malkia. Akamweka kiganjani, akafunika kwa kiganja cha pili, akaanza kumpulizia pumzi yake taratibu huku akiomba kwa sauti ya chini. Tulisimama tukimtazama. Nikaona machozi yanamdondoka kwenye mikono. Halafu akasema, "Dada, ananitekenya."

Nilikaa chini sakafuni. Msimamizi alicheka kama mwendawazimu. Tukamtia malkia kwenye kijisanduku chake, tukavuka mto kurudi Arlington, tukamrudisha kwa watu wake. Tulipoufungua mzinga tena wiki iliyofuata, mayai mapya yalikuwa yamesimama kwenye vishimo vya nta.

Lakini Meneja, aliyekuwa ameelezwa yote na Msimamizi, alitaka kujua wavu ulipindaje. Alikuwa tayari kuwapigia simu waliotuuzia. Tulikuwa sote ghalani. Mama Furaha, ambaye Kiingereza chake kilikuwa bado kinamsumbua, akanivuta mkono. "Dada, mwambie. Ni miye njo niliosha zile nyavu na maji ya kuchemka mbele ya kuzitia mu mizinga. Sikujua plastiki itakunjama. Mwambie vile nasema."

Nilimkanyaga mguu anyamaze. Si unga wake ungemwagika, afutwe kazi! Akaurudisha mguu wake nyuma, akanikazia macho. Msimamizi alielewa kila neno, naye akainamisha kichwa. Basi nikatafsiri.

Meneja alimgeukia Mama Furaha, kisha mimi. "Ni yeye aliyemfufua malkia?"

"Ni yeye," nikasema.

"Mwambie maji ya moto asitumie tena. Nyavu zote alizoosha zitolewe leo. Kisha mrudi kazini."

Nilipomtafsiria, Mama Furaha aliniuliza mara mbili, "Kazini hapa?" Nikamwambia, "Hapa hapa, mama, kwani wapi tena?" Akanikumbatia mpaka kofia yangu ya nyuki ikaanguka.

Sasa nimestaafu, na watu huniuliza kama nayakumbuka mapaa, au asali, au miiba. Miiba siikumbuki kwa wema, niwe mkweli. Kwa vijana mlioanza kazi hii, kagueni wavu mezani kabla hamjaulaza kwenye mzinga. Usipolala sawa, utupeni. Mimi kinachonirudia ni Jumatatu ile baada ya kikao kile cha Mama Furaha na Meneja. Nilifika mapema, nikasimama mlangoni pa ghala nikitazama barabara, nikihofu kwamba Meneja amebadili mawazo usiku. Nikamwona Mama Furaha anashuka basi, mkoba begani, anatembea haraka kwa sababu alidhani amechelewa.