Zuhura, "Cousin Sister" Wangu

Mwanangu, mimi hakuna cha kunishangaza. Shule niliishia darasa la tano pale Tingi, lakini Fuso mbili unazoziona zikipakia korosho ni zangu, na hakuna aliyenishika mkono. Siku hizi hata watu wa benki wanasimama nikiingia. Kwa hiyo nikikwambia ipo siku moja ambayo bado inanijia nikiwa peke yangu kwenye usukani, ujue si siku ya mchezo.

Nilikuwa kijana, nabeba mizigo ya wageni wanaokuja Kivinje kutazama majumba ya Wajerumani. Kiingereza nilikiokota hukohuko, na nilikisema kwa sauti kubwa kuliko waliokisomea. Chai tulikunywa kwa Bi Somoe, mke wa baba mdogo. Siku hiyo alikuwa amekwenda mazishini Mitole, jiko kamwachia binti yake, Zuhura, rika langu. Alipoleta vitumbua, nikamwambia mgeni wangu kwa mbwembwe, "This is Zuhura, my cousin sister."

Mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa bara, akaweka kikombe chini. "Bwana mdogo, hicho si Kiingereza. Hakuna 'cousin sister'."

"Mbona kila mtu anasema?"

"Hata nesi wetu anasema," akadakia muuza samaki. "Na yule kasomea Dar!"

"Wote wanakosea."

"Basi mwalimu, wilaya nzima tumefeli!"

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Chagua moja. Ama 'cousin', ama 'sister'."

Zuhura alikuwa anageuza vitumbua, kanipa mgongo. "Haya, chagua," akasema bila kugeuka. "Na mimi nijue."

Mwanangu, nimeambiwa mengi tangu siku ile, na wenye vyeo na wenye fedha. Hakuna lililonijaa kifuani kama hilo. Kwetu mtoto wa baba mdogo unamwita dada, ila dini haikukatazi kumwoa. Nikasema, "Cousin." Kitumbua kikaungua. Zuhura, ambaye hajawahi kuunguza kitumbua!

Wiki ileile nikamtuma mjomba kupeleka posa. Bi Somoe akamrudisha, akaniita mimi mwenyewe. Nilimkuta uani anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo." Ungo haukusimama. "Mama yako alipokuzaa alilala na homa mwezi mzima. Unadhani wewe ulinyonya wapi?"

Nikasogeza kigoda karibu.

"Zuhura nilimpakata huku, wewe huku. Mkipigana mateke kifuani kwangu. Huyo ni dada yako wa kunyonya, baba. Hata ukienda kwa kadhi, hana njia."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikwambia umwite dada tangu hujaota meno. Ulitaka tukuimbie?" Kisha sauti ikamshuka. "Naye nimemwambia jana. Mpaka sasa hajatia kitu mdomoni."

Zuhura aliolewa Lindi mjini, na sasa ana wajukuu. Kila Idi hunipigia. "Kaka, hujambo?" Sauti ileile. Nami humjibu, "Sijambo, dada," halafu natafuta pa kuegesha gari, nikae kidogo.

Basi shika hili. Mtu akikwambia neno la kwenu si sahihi, usikimbilie kulikata kabla hujawauliza waliolitumia limebeba nini. Yule mwalimu simlaumu. Alikijua Kiingereza chake, nyumba yetu hakuijua. "Cousin" ilikuwa damu, "sister" ilikuwa maziwa, na sisi tulikuwa na vyote viwili. Na moyo ukikupeleka kwa mtu, kwanza keti na akina mama waliokulea, uwaulize nani alimnyonyesha nani. Usione haya. Haya niliona mimi, na unaona nilivyo.

Mola akupe wa kwako, aliye halali yako, umwite jina lolote ulipendalo na asitokee wa kukusahihisha. Aamin.

Lile neno "cousin" nililochagua, ukitaka kujua lilinigharimu nini: Bi Somoe alisema kitanda cha bibi harusi atanunua kaka yake. Nikanunua cha mninga, na godoro lake na chandarua, shilingi laki moja, elfu ishirini na saba na mia tano.