Herufi M Niliyoipata Baraka

Pale Lubondja tulikuwa na darasa moja tu, la kwanza, na mwalimu mmoja tu: mimi, niliyepata cheti changu kwa masomo ya jioni kule Uvira, huku mchana nikibeba magunia ya pamba. Mtoto akimaliza la kwanza, ama aende Fizi akakae kwa watu, ama ashike jembe. Wengi walishika jembe. Basi mwaka mmoja wa miaka ile ya hamsini likaja neno kutoka misheni: walimu wa sehemu zetu zote wakutane Baraka kwa mafunzo ya juma zima, na kila mmoja atatoa somo la mfano mbele ya inspekta. Atakayempendeza atapewa ruhusa ya kufungua darasa la pili. Nilifurahi hata nikalala na viatu.

Asubuhi ya kuondoka, Mama Neema, jirani yangu, alinifungia njia. Binti yake alikuwa amemaliza la kwanza na sasa alikuwa analima mihogo.

"Mwalimu, usiende kule kupiga masimulizi tu. Utuletee la pili."

"Nitalileta begani, mama!"

Njia ya kwenda Fizi ni milima, na milima ile, nawaambieni bila kutia chumvi, imesimama wima hata mbuzi wanaishuka kwa makalio. Mvua ilininyeshea kutoka juu na kutoka chini. Viatu nilivibeba kichwani ili visichoke.

Jioni nilifika Fizi kwa mjomba wangu, nikiwa na matope mpaka kwenye nyusi.

"Unaenda kusomeshwa kusomesha?" akauliza. "Si ulituambia unajua?"

"Najua, mjomba. Naenda kuwaonyesha."

"Aah. Basi kula kwanza. Akili bila bugali iko kazi bure."

Kutoka Fizi nilipata lori la pamba, nikakaa juu kama mfalme. Kwenye kona moja ya mteremko ziwa likatokea ghafla, linang'aa kama bati jipya, kubwa hata nikadhani mbingu imeangukia upande ule. Nikapiga kelele, dereva akasimama akidhani nimeanguka.

Baraka walinipangia kulala kwa Mama Riziki, mama wa Kiislamu ambaye mume wake alikuwa mwenye mitumbwi. Siku ya kwanza ya mafunzo, sisi walimu wazima tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio. Inspekta, Mzungu mrefu kama mchikichi, akatuambia shida yake: vitabu vinaandika mtoto, mtu, mti, lakini huku kwetu watu wanasema mutoto, muntu, muti. Mwalimu asiyeweza kuwafanya watoto wasome kilichoandikwa, hafai kupewa la pili. Kisha tukapiga kura za herufi, kila mmoja apate yake ya kufundisha. Mwenzangu Elia, wa Nundu, akapata A, herufi inayojisomesha yenyewe. Mimi nikapata M.

Elia alicheka mpaka akashika ukuta. "Ndugu yangu, umekufa! Batoto ba hapa ni Babembe sawa na sisi. Batakuambia mutoto mpaka ndevu zikuote mugongoni."

Jioni ile nikajizoeza mbele ya Mama Riziki. "Mutoto. Mu... mutoto."

"Umetia U tena, mwalimu," akasema. "Kula kwanza."

Akaleta bugali na mikeke, wale samaki wa ziwa letu wanaomfanya mtu asahau jina la babake. Nikala. Akataka kuniongezea, nami mdomo umejaa, nikatikisa kichwa: "Mmm!" Nikajisikia mwenyewe: M tupu, bila U! Niliruka, nusura nimwage mchuzi wote.

Siku ya somo walimu walijipanga nyuma ya darasa, inspekta katikati yao. Nikaandika ubaoni: mtoto.

"Mutoto!" watoto wakaimba.

"Mtoto," nikasema.

"Mutoto!"

Elia akaanza kukohoa kicheko. Kisha msichana mdogo wa mbele akasimama. "Mwalimu, mama yangu iko anasema mutoto. Anakosa?"

Nikisema anakosa, nimewatukana bamama wote wa Fizi na Baraka, na wangu akiwa wa kwanza. Nikisema hakosi, la pili limezama ziwani. Mdomo wangu ukatangulia akili, kama kawaida yake.

"Tupige makofi! Mu-to-to. Ngapi?"

"Tatu!"

"Sasa m-to-to. Ngapi?"

"Tatu!"

"Basi mama hakosi. Mama anasema mdomo wazi, kitabu kinasema mdomo umefungwa, makofi ni yaleyale. Jazeni bugali mdomoni!"

Tukatafuna hewa, mashavu yamevimba. "Mmm-toto!" Kuta zikatetemeka, nasikia wavuvi wa Ubwari, ng'ambo ile, walitazama juu wakitafuta radi.

Inspekta akasimama. "Ngoja, na mimi. Em-toto."

Yule msichana akapiga makofi. "E-m-to-to. Ine! Bwana Inspekta ametia E."

Elia akafunika uso. Mzungu wa siku zile hakuwa mtu wa kusahihishwa na mtoto. Akamtazama msichana, akatazama mikono yake mwenyewe, akapiga polepole. Nne.

"Kweli," akasema. Akajaza mashavu, akawa mwekundu kama nyanya. "Mmm-toto."

"Tatu!" darasa zima likalipuka, na sisi walimu pamoja nalo.

Alipoacha kucheka akanigeukia. "Mwalimu wa Lubondja, utafungua la pili."

Njia ya kurudi sikuiona. Nadhani milima ilinipisha. Nilitembea nikiwaza kwamba mtoto haji shuleni mikono mitupu. Anakuja na maneno ya mama yake, na mwalimu akiyatupa nje, mtoto naye atayafuata nje.

Tangu Fizi nilikuwa nikitengeneza hotuba ya kuwapa watu wetu: ziwa, lori, mashavu ya inspekta. Mama Neema akanikuta kabla ya nyumba ya kwanza.

"La pili?"

"Mama, acha nianzie mwanzo. Nilipofika Fizi, mjomba..."

"Mwalimu! Iko ao haiko?"

"Iko."

Hakungoja hata kunisalimia. Alikunja kitenge, akakimbia kushuka kuelekea mihogoni, na sauti yake ikavuka bonde lote: "Neema! We Neema! Tupa jembe!"