Baraka ya Ng'ombe kwa Kiingereza

Nafundisha Kiingereza Gitega, na hakuna kitenzi kinachonichosha kama "get". Ukipata kitabu, get. Ukifika nyumbani, get. Ukiamka, ukipanda basi, ukilowa mvua, ukiolewa, ukizeeka, ukielewa hatimaye alichosema mwalimu: get, get, get. Wanafunzi huguna, nami huwaambia Waingereza ni wavivu, wana punda mmoja na wanambebesha kila kitu.

Mama yangu ndiye aliyempenda punda huyo. Anaishi Gashoho, mkoani Muyinga, kwenye shamba tulilolirudia tulipotoka ukimbizini Tanzania. Kaka yangu hakurudi nasi. Kutoka kambini alipelekwa ng'ambo, akaoa huko, akapata binti. Binti anajua Kiingereza tu. Mama hajamgusa hata siku moja. Humwona kwenye simu yangu ninapokwenda kumsalimu, wanachekeana, wanapungiana mikono, basi.

"Nipe neno moja," aliniambia likizo iliyopita. "Moja tu, lakini lenye kufanya kazi nyingi. Mi sina akili ya maneno mengi."

Nikampa get. Alikwenda nalo shambani, akalisema huku akipalilia maharage mpaka jirani akauliza anamfukuza kuku wa nani. Nilidhani anataka kumwambia mjukuu apate usingizi mwema. Kumbe alikuwa na lake. Kwetu mkubwa humtakia mdogo makundi ya ng'ombe: "Amasho!" Mdogo hujibu, "Amashongore," yaani yawe ya majike, yazae. Usipojibu, kwa mama ni kama baraka imebaki nje ya mlango. Alitaka kumbariki yule mtoto kwa lugha anayoielewa.

Jumapili alijifunga kitenge kipya, akashika simu kwa mikono miwili. Kaka akamsogeza binti mbele. Mama akatamka taratibu, kwa ulimi wake wa Kirundi: "Get cows. Get children. Get old."

Apate ng'ombe, apate watoto, azeeke. Kitenzi kimoja kilizibeba baraka zote tatu, na mimi niliyekisema vibaya miaka yote nilikipenda siku ile.

Mtoto akatabasamu kwa adabu, akasema asante bibi kwa Kiingereza chake, akamtazama baba yake. Mama akasubiri, shingo ameinyoosha. Sikuvumilia, nikajibu mimi: "Amashongore!" Na kutoka nyuma ya simu, kule kwao, nikasikia sauti ya kaka yangu ikijibu pamoja na yangu. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukijibu kambini tukiwa wadogo, tukigombania nani awe wa kwanza. Nilimkumbuka sana kaka yangu. Siku hizi ana mvi, na sijui hata anapenda kula nini.

Mama hakunigeukia.

"Ninyi nilishawabariki," alisema. "Hii iko ya huyu."

Hata hajamaliza kusema, mtoto alikuwa ameshashuka kitini, ameitwa na wenzake. Kaka akaita jina lake mara moja tu. Mama hakuishusha simu. Alikisogelea kioo, akakiambia kile kiti kitupu, "Get old," akatega sikio.