Kiti Kilichotazama Nyuma

Gari la Bi Lorraine Hruska lilikuwa refu mpaka mlango wa banda ukashindwa kufungwa. Marehemu mumewe, Delbert, alinunua gari kwanza, kupima banda akapima baadaye. Basi miaka yote ile tako la gari lilibaki nje kidogo, mvua yake, theluji yake, na paka wa mtaa mzima wakalifanya kitanda.

Lilikuwa stesheni wagoni la zamani, gari la familia lenye mgongo mrefu, rangi ya parachichi lililoiva kupita kiasi, na ubavuni limebandikwa karatasi ngumu yenye sura ya mbao. Kila mtu hapa Bremer Fork anajua kwamba si mbao, lakini wakilisifu husema, "Ona mbao zile." Boneti yake ungeweza kuitandikia kitambaa ukawalisha wavunaji. Ndani mlikuwa na safu tatu za viti, na ile ya mwisho, kule nyuma kabisa, ilitazama nyuma. Mtoto aliyekaa pale hakuona anakokwenda. Aliona alikotoka tu, na madereva waliofuata, akawapungia mkono mpaka wachoke kumjibu.

Mimi nakaa nyumba ya pili, ng'ambo ya ua wa waya. Bi Lorraine ndiye aliyenifundisha kumbeba Joleen wangu alipokuwa mchanga, analia kutwa na mimi nalia naye. Alikuja na sufuria ya supu, akamchukua mtoto, akanisukuma kitandani kama gunia. "Lala wewe," akasema. "Huyu hafi kwa kulia. Wangu wangekuwa wamekufa wote."

Wake walikuwa watatu. Gaylen, mkubwa, ana upara na ofisi mjini. Connie anakaa mbali kwenye joto, majira yote anavaa viatu vya wazi. Na Rusty, kitinda mimba, ambaye hakuondoka Bremer Fork. Anafanya kazi kwenye uwanja wa vyuma chakavu, na kila mwezi wa nane, maonyesho ya wilaya yakifika, huingia kwenye mashindano ya kugongana magari. Hakuwahi kushinda hata mara moja.

Mwaka huu watoto walikubaliana kumpeleka mama yao kwenye makao ya wazee. Magoti yalikuwa yamekwisha, ngazi alizipanda kwa kutambaa. Hakubisha. Nilikuwa jikoni kwake namenya viazi alipowaambia kwenye simu.

"Jumatatu mnipeleke popote mnapotaka. Ila Jumapili twende Ziwa Medler. Kwa gari letu. Nyote watatu mkae pale pale mlipokuwa mnakaa. Basi. Baada ya hapo mnifunge hata kwenye gunia."

Alipoweka simu chini uso wake ulikuwa kama wa msichana. Akaanza kunitajia vyakula. Sandwichi za nyama ya nguruwe na haradali, zifungwe kwenye karatasi ya nta kama zamani. Mahindi mabichi ya kuchemsha. Pai ya cheri. "Rusty hali ukoko wa mkate," akasema. "Umkatie." Rusty ana miaka hamsini na kitu.

Ijumaa wakafika. Gaylen na Connie hata hawakuingia ndani kwanza, walikwenda moja kwa moja bandani, wakaanza kupiga kelele kama watoto waliofunga shule.

"Jamani! Harufu ni ile ile!"

"Kiti hiki kilinichoma mapaja, kila kiangazi natoka na malengelenge!"

"Baba na sigara yake, madirisha yamefungwa, sisi nyuma tunakauka kama samaki!"

"Na tulifurahi! Siku hizi watoto wanafungwa mikanda kama mizigo."

Wakaingia, wakapigana picha. Bi Lorraine akakaa mbele, upande wake, mkoba mapajani, anacheka. Mimi nilisimama mlangoni na Joleen kiunoni. Rusty alifika wa mwisho, mafuta yamemganda mikononi, akasimama nyuma ya gari, hakuingia.

"Panda bwana!" Gaylen akamwita. "Au unaogopa tutakuacha tena?"

Connie akaangua kicheko. "Usianze, Gaylen!"

"Ngoja, jirani hajawahi kuisikia hii." Akanigeukia mimi. "Mama alikuwa na desturi. Kabla Baba hajawasha gari, anageuza shingo, anahesabu vichwa. Mmoja, wawili, watatu. Tumetimia, Delbert, twende. Kila safari. Sasa siku moja tunakwenda ziwani, tumemchukua na Marvin, mtoto wa mama mdogo. Tukasimama kuweka petroli. Mama akageuka: mmoja, wawili, watatu. Tumetimia!"

"Kumbe siku hiyo tulikuwa wanne," Connie akamalizia, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Rusty yuko chooni! Ana miaka sita! Sisi tumefika ziwani, tumeogelea, tumekula, ndipo Mama anauliza, sandwichi hii isiyo na ukoko ni ya nani?"

Bi Lorraine naye alicheka, kajishika kifua. "Mdomo ulishazoea watatu," akasema. "Ningefanyaje? Mdomo ulizoea."

"Tukamkuta jioni amekalia kreti ya chupa, anakula karanga za watu. Baba akamwambia, eeh, umeshaajiriwa?"

Kisa hiki, baadaye niliambiwa, husimuliwa kila Krismasi. Rusty naye alicheka. Alicheka kwa sauti kuliko wote. Lakini mimi nilikuwa upande wake, nikaona kucha yake imeingia chini ya ile karatasi ya mbao, anaibandua polepole, kipande baada ya kipande, na vipande vinaanguka juu ya kiatu chake.

"Kwenye kile kioo cha nyuma," akasema, bado anacheka, "niliwaona mnaondoka. Nilikuwa nimeshatoka chooni. Marvin alikaa mahali pangu. Akanipungia."

"Marvin bwana!" Gaylen akapiga usukani. "Mpumbavu yule!"

Jioni hiyo ndugu watatu walikaa barazani kwa mama yao wakinywa bia. Mimi nilikuwa naanua nguo. Nilisikia maneno nusunusu. Gaylen alisema nyumba inauzwa, gari haliwezi kubaki. Rusty akasema, "Mmeshalikumbuka, mmeshalipiga picha. Nipeni mimi. Magari ya namna hii hayapo tena, yale mapya ukiyagusa yanakunjamana kama kopo. Hili lina mifupa."

"Na Mama?" Connie akauliza.

"Mwambie nimelichukua kulibadilisha mafuta. Kwa ajili ya safari."

Gaylen akasema, "Kwani si heshima? Afadhali life uwanjani watu wanapiga makofi kuliko kuoza."

Asubuhi ya Jumamosi nilimwona Bi Lorraine dirishani anapunga mkono gari likiondoka. "Analiangalia vizuri kama baba yake," akaniambia. "Watu wanasema Rusty hana shukrani. Umeona?"

Nilijiambia mambo ya watu na mama yao hayanihusu, nikakata ukoko wa mkate.

Mchana wakampeleka maonyeshoni. Mume wangu alitupeleka na sisi, kwa hiyo tulikaa safu moja nyuma yao. Bi Lorraine alivaa gauni la maua, mdomo una rangi. Connie alimnunulia maji ya limau baridi na mahindi ya kuchoma yanayochuruzika siagi.

Mchezo wenyewe mtoto anauelewa. Magari mabovu yanaingizwa kwenye tope, yanagongana, na la mwisho linaloweza kusogea ndilo lililoshinda. Mjuzi hagongi kwa mbele, maana mbele kuna rejeta na injini. Anageuza shingo, anarudi nyuma kwa kasi, anagonga kwa tako.

Yakaingia moja moja. Vioo vimeng'olewa, milango imefungwa kwa minyororo. La mwisho lilikuwa refu kuliko yote. Ubavu mmoja ulikuwa umepakwa rangi nyeusi na namba. Ule wa pili bado ulikuwa na karatasi ya mbao, nusu imebanduliwa.

Bi Lorraine alikuwa anakula mahindi. Akaacha.

"Lile linafanana na letu," akasema.

"Ni letu, Mama!" Connie akamshika bega. "Ni Rusty! Tulitaka kukushtukiza!"

"Na ziwa?"

"Ziwa tutakwenda kesho kwa gari langu, lina kiyoyozi. Mama, tazama bwana, yatakupita!"

Mzee mmoja mbele yetu aliinuka, akavua kofia. "Maskini," akasema. "Tulikuwa nalo kama lile. Tulilaza humo watoto sita." Kisha akaweka mikono mdomoni kama pembe, akapiga kelele, "Livunje!"

Rusty alilizungusha gari mbele ya jukwaa. Alipofika karibu nasi akageuza tako likatutazama. Kwenye mlango wa nyuma, chini ya pale palipokuwa na kioo, alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe, kwa brashi pana: HESABU TENA, MAMA.

Watu walicheka. Gaylen alijipiga paja. "Mshenzi! Mshenzi huyu!"

Kipenga kikalia. Rusty akageuza shingo, mkono mmoja nyuma ya kiti, kama anavyofanya baba anayetoka na familia uani, akarudi nyuma kwa nguvu zote. Maneno yale yalikwenda na pigo la kwanza. Pigo la pili lilikunja kile chumba cha nyuma, pale palipokaa kiti kilichotazama nyuma, kikaja mbele mpaka safu ya pili. Kila alipogonga Bi Lorraine alishtuka mabega, kama mtu anayepigwa mwenyewe. Joleen aliziba masikio, akalia, nikamficha kifuani. Connie alikuwa anaruka.

Ilichukua muda mrefu. Mifupa kweli lilikuwa nayo. Mengine yalikufa moja moja, moshi na mvuke, na madereva wakavunja vijiti vyao vya bendera kusema wamekoma. Mwishowe lilibaki lile la kijani peke yake, fupi sasa, fupi kama magari mengine, likitambaa kwenye tope. Jukwaa zima likasimama. Bi Lorraine tu ndiye aliyekaa, bunzi la mahindi mkononi, siagi imemwagikia gauni.

Rusty alitokea dirishani, akapanda juu ya paa, akapewa kikombe kirefu cha rangi ya dhahabu. Akakinyoosha kuelekea kwetu. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona ana furaha namna ile, na nasema kweli, alikuwa mzuri, alikuwa kama mtoto.

"Mpungie, Mama!" Connie akasema. "Mama, mpungie basi!"

Hakumpungia.

Asubuhi ya Jumapili Gaylen na Connie walikuwa wamelala bado. Nilimwona Bi Lorraine anavuka uani na fimbo yake, kapu mkononi, anasimama kila hatua chache. Nikambeba Joleen nikamfuata kumpokea kapu.

Banda lilikuwa wazi, jeupe ndani kwa mwanga ambao halikuwahi kuupata. Sheria ya mashindano ni kutoa kila kinachoshika moto, kwa hiyo Rusty alikuwa ameng'oa viti vya abiria usiku ule wa Ijumaa, akavirundika ukutani. Kile cha nyuma kabisa kilikuwa juu.

"Nishushie hicho," akaniambia.

Nikakivuta mpaka katikati ya banda. Alitaka kitazame mlangoni, barabarani. Tukakaa. Kilikuwa kidogo, magoti yetu yalipanda juu, na kilinuka vumbi na sigara za zamani. Alimweka Joleen kati yetu, akafungua karatasi za nta. Akanipa sandwichi ya Gaylen, au ya Connie, sijui. Ile isiyo na ukoko akampa Joleen, akaila kwa mikono miwili, haradali mpaka kwenye nyusi.

Ndipo lori la Rusty likasimama nje. Alishuka na kile kikombe, shingo imekakamaa kwa mapigo ya jana, anachechemea. Akaja mpaka mlangoni, akasimama pale jua lilipoishia na kivuli kuanza.

"Nimeshinda, Mama," akasema.

"Nimeona."

"Nimekuletea." Akakiinua kidogo. Kisha akaona kapu, akaona karatasi za nta, na uso wake ukabadilika, ukawa mdogo. "Ni zile sandwichi? Sijala tangu jana."

Bi Lorraine alijifuta vidole kwenye gauni, polepole, kimoja kimoja. Alimtazama Rusty usoni, moja kwa moja, macho makavu kabisa. Kisha akageuza shingo kwetu. Akamgusa Joleen utosini.

"Mmoja."

Akanigusa mimi.

"Wawili."

Akajigusa mwenyewe kifuani.

"Watatu. Tumetimia, Delbert. Twende."

Rusty alisimama, kikombe kimening'inia mkononi, midomo inatafuta kile kicheko chake cha Krismasi, haikukipata. Akarudi nyuma hatua moja, akaingia kwenye jua.

Na Joleen wangu, asiyejua lolote, aliyekaa mahali walipokaa watoto wote kabla yake, akainua mkono wenye haradali akampungia.