Babu Aliyetukataza Kwenda Hatua Moja

Kumtafuta babu yangu vitani kulinigharimu majogoo wawili, mikungu mitatu ya ndizi, nauli ya lori mara nne, kilo ya sukari ya duka la ushirika niliyoipangia foleni tangu alfajiri, na soli ya kiatu cha kushoto. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili ilizidi, maana nilikuwa nimesahau chumvi. Na muda wote huo babu mwenyewe alikuwa nyumbani Muleba, mzima wa afya, anakata majani makavu ya migomba yake.

Sababu ilikuwa ndoa. Nilikuwa nikichukua dagaa Kemondo na kuwapandisha vijijini kwetu. Huko Kemondo kulikuwa na binti aliyeuza dagaa wa kaka zake. Siku ya kwanza alinipunja kwenye mizani, mimi nikiwa nimekodoa macho. Nilipofika nyumbani nikapima upya, nikapima tena, nikajua huyu ndiye.

Lakini kwetu binti hatolewi kabla ukoo wa mwanamume haujachunguzwa, na mchunguzi wao alikuwa shangazi yake. Alikuja, akaketi, akapokea kahawa za kutafuna kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Akatafuna taratibu. Mama akaanza kupumua.

"Nyumba nzuri," akasema shangazi. "Kibanja kizuri, migomba imenawiri. Ila tumesikia babu yenu alijificha Uganda analima pamba za watu, wenzake wakiwa vitani."

"Shangazi, babu alikwenda Burma na jeshi la Waingereza."

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe."

"Alipiga risasi ngapi?"

Hapo nikamsogezea kahawa nyingine. Swali hilo babu alishaulizwa na kila mtu, tangu watoto hadi katekista, na jibu lake lilikuwa moja: hakupiga hata moja. Akishasema hivyo watu wanacheka, naye anarudi kwenye migomba yake.

"Baba yangu mimi alikwenda huko huko, hakurudi," akasema shangazi, na safari hii sauti ilikuwa ya chini. "Hatukuletewa hata kofia. Siwezi kumpeleka mtoto wetu akale chungu kimoja na mtu aliyejificha. Nakupa mpaka kahawa ivunwe. Niletee ushahidi, usiniletee maneno."

Kibaya zaidi, babu alikuwa na tabia iliyomponza. Ilikuwa ile miaka ya ujamaa, tunajenga shule kwa nguvu zetu, na siku za kazi ya kijiji vijana tulibeba magogo wanne wanne, tukiimba kushoto-kulia kama mgambo walivyotufundisha. Babu alikuwa akisimama kando ya njia na panga lake, anafoka.

"Vunjeni hatua! Kila mtu na mguu wake! Mnakwenda pamoja mnatafuta nini?"

Kiongozi wa mgambo alicheka hadi akakaa chini. "Mzee, hili ni jeshi gani lisilojua kushoto na kulia?"

Basi nikaanza kutafuta. Kwanza nilikwenda parokiani, nikamwomba karani wa padri anifungulie kitabu cha ubatizo. Akanifungulia, ila kwa jogoo. Nikahesabu watoto wa babu na bibi: baba yangu na anayemfuata, kisha pengo la miaka, kisha wadogo zao. Pengo lilikaa pale pale penye vita. Nikarudi Kemondo mbio nikiwa na furaha.

"Pengo linasema hakuwepo nyumbani," akasema shangazi. "Hata aliyekuwa Uganda hakuwepo nyumbani."

Nilimchukia, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi.

Nikapelekwa Ijuganyondo kwa mzee mmoja Mwislamu aliyewahi kuwaandika vijana wa jeshi pale mjini Bukoba. Huyo alikula sukari yangu kwenye chai, vijiko vinne kila kikombe, akanieleza bei za nguo kabla ya uhuru, uzuri wa mke wake wa kwanza na ubaya wa wa pili. Nilipomtajia babu akanipapasa bega. "Mwanangu, niliandika watu kama mchanga. Na wewe unanukia dagaa, nitakayemkumbuka ni wewe, si babu yako."

Mwisho nikaenda Rubafu. Bibi alikuwa ameniambia kwamba babu alirudi akiwa na rafiki mmoja wa huko. Rafiki alikuwa amekwisha kufariki. Mjane wake alinipokea kwa ndizi na maharage, akapokea jogoo wa pili, akatafuta kwenye sanduku lote. Karatasi hakuna, panya walikula. "Ninachokumbuka," akasema, "wale wawili walikuwa hawawezi kubeba kitu bila kugombana juu ya miguu. Hata kitanda changu cha harusi. 'Badilisha mguu! Badilisha mguu!' Nikadhani nimeolewa na kichaa."

Nikamshukuru. Safari ile niliiandika upande wa hasara.

Kahawa ikaivishwa na jua bila huruma, tukavuna, na shangazi akaja kupokea ushahidi wake. Sikuwa nao. Nilikuwa nimeandaa hotuba, mbuzi wa kukopa na uso wa huzuni. Havikuhitajika. Alipokatiza kibanja alikanyaga gogo la mgomba ambalo babu alikuwa amelikata asubuhi hiyo, lile lenye utelezi kama kambare, akaanguka. Mguu ukageuka upande ambao miguu haigeukii.

Alipiga yowe. Mama naye akapiga yowe. Mimi nikamwona binti wa Kemondo akiolewa na mwenye mizani nzuri.

Babu peke yake hakupiga kelele. Alichukua panga, akakata miti miwili, akafunga blanketi kwa kamba za migomba, machela ikawa tayari kabla sijamaliza kujilaumu. Akaufunga ule mguu kwa vipande vya mbao. Akatupanga: mimi na ndugu zangu wawili na jirani. "Wa mbele aanze kushoto, wa nyuma kulia. Huyu hivi, yule hivi. Atakayekwenda sawa na mwenzake nitamchapa."

Tukavunja hatua. Njia ya kwenda zahanati inashuka mtelemko mkali, na shangazi hakuwa mwepesi, lakini blanketi lilitulia kama maji kwenye mtungi. Babu alitembea ubavuni kwake, mkono juu ya mti.

Nusu ya njia shangazi aliacha kulia. "Nilishabebwa nikiwa mzazi," akasema. "Nilirushwa kama maharage kwenye ungo. Hii haiyumbi. Nani alikufundisha, Tata?"

"Jeshini."

"Si wanasema hukupiga risasi?"

"Ningeipigaje? Mikono yote miwili ilikuwa na kazi."

Nilijikwaa. Babu akanifokea niangalie mbele.

Shangazi aliutazama mkono wa babu uliokuwa juu ya mti. Kisha akauliza, polepole, "Mlikuwa mnawabeba hivi?"

"Hivi hivi. Ukienda hatua moja machela inapiga bembea, mwenye kidonda anaumia."

"Na waliokwisha kufa?"

"Na wao. Hatukubadilisha mwendo kwa sababu mtu amekufa."

Akavuta kanga akajifunika uso. Tukaenda. Baadaye, kutoka chini ya ile kanga, tukasikia, "Punguzeni mwendo basi. Mnakimbilia wapi?"

Mganga wa zahanati alitutazama tunavyoingia, hakuangalia mguu kwanza, aliangalia miguu yetu. "Hatua hiyo ni ya wabeba majeruhi wa jeshi," akasema. "Aliyetufundisha sisi alitoka Burma. Ninyi mmeipata wapi?" Shangazi akainua kidole kumwelekea babu, kwa fahari, kama aliyemtafuta ni yeye.

Harusi ilikuwa ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na ngoma, na siku ya kazi ya kijiji iliyofuata kiongozi wa mgambo alikuja mwenyewe kuuliza jinsi ya kuvunja hatua.

Jioni moja nikamwuliza babu kwa nini alituacha tuhangaike. "Nilikuuliza mara mbili," nikamwambia.

"Mara mbili uliniuliza risasi. Hukuniuliza nilifanya nini."

"Haya. Ulibeba wangapi?"

Akaendelea kukata majani. "Wewe hesabu dagaa," akasema.

Zimebaki gharama. Nilimwomba shangazi apunguze mahari kwa ajili ya kubebwa. Akaongeza debe la rubisi kwa ajili ya mguu. Babu anasema hakunituma. Mke wangu ameipitia orodha, akaijumlisha haraka mara mbili kuliko mimi, akasema kwa bidhaa niliyoipata nilipunja watu, ninyamaze. Kwa hiyo nakuomba ushauri wewe unayesoma: wale majogoo wawili, nimdai nani?