Tumbo la Sajini lilivyoitisha mkutano Ntinda

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, nyuma ya jengo moja la maduka Ntinda, jijini Kampala, mwanamke mwenye sare ya ulinzi amechuchumaa kwenye nyasi akimulika kinyesi cha mbwa kwa tochi ya simu. Anakigeuza kwa kijiti. Anakikagua upande huu, anakikagua upande wa pili, kisha anainuka akitabasamu.

"Kigumu," anatangaza.

Upande wa vibanda mtu anapiga makofi. Ni Okwir, muuza rolex, yaani chapati zinazoviringishwa na mayai, ambaye jiko lake bado halijashika moto. Mama wa duka la vitenge anachungulia mlangoni kuuliza kama ni kweli. Anaambiwa ni kweli, naye anamshukuru Mungu kwa sauti.

Msomaji ataniwia radhi kwa kuanza na jambo hili kabla hajamaliza chai yake. Lakini kwa Amony, mlinzi mwenye umri wa miaka hamsini na tatu na mkazi wa Lubaga, kilichokuwa pale kwenye nyasi ndicho kilichoamua kama mwenzake wa kazi ataishi au atachomwa sindano asiamke tena.

Mwenzake huyo ni Sajini, mbwa dume mweusi mwenye miguu ya kahawia na kifua kipana. Ni mali ya kampuni ya ulinzi, ila ukiwatazama wakizunguka jengo huwezi kujua nani anamwongoza nani. Amony alizaliwa kambini, baba yake akiwa askari kutoka Pader, kaskazini mwa Uganda, na Kiswahili chake ni kilekile cha kambi, hakina muda wa mapambo.

"Mimi na hii mbwa tunafanya kazi sawasawa," anasema. "Mimi nachoka, yeye anaangalia. Yeye anachoka, mimi naangalia. Kuna watu wako na bwana, lakini hawana mtu kama huyu."

Anacheka. Mume wake alifariki zamani, na watoto wana miji yao.

Taabu ilianza na mvua za Machi. Sajini alitapika siku ya kwanza, akaharisha siku ya pili, na kabla mwezi haujaisha mbavu zake zilikuwa zikionekana kutoka ng'ambo ya barabara. Amony alimpeleka kwa Daktari Oola, mganga wa mifugo mwenye kliniki ndogo mtaani humo. Alipewa dawa za minyoo. Alipimwa damu, akapimwa choo. Ugonjwa haukuonekana.

Cha ajabu ni kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa na ratiba. Jumapili maduka yakifungwa, Sajini alianza kupata nafuu. Jumatatu asubuhi alikuwa akikimbiza kunguru. Ikifika Alhamisi, amelala ubavu, anaugulia.

"Daktari akaniuliza, nani analisha hii mbwa?" Amony anakumbuka. "Nikamwambia ni mimi peke yangu, na ni chakula cha kampuni tu, hiyo ni sheria. Akaniuliza tena. Nikakasirika. Niliona kama ananiita mwongo."

Daktari Oola anathibitisha. "Aliondoka bila kuaga, na huyu mama ni mtu wa adabu sana. Nikajua nimemuudhi kweli."

Kisha meneja wa kampuni akaja. Alimtazama Sajini, akatikisa kichwa. Mbwa mgonjwa hafai kazini, alisema, na asipopona kufikia mwisho wa mwezi atachomwa sindano. Neno hilo lilimkata Amony maini, kwa sababu mwakani anastaafu. Mbwa mzima anaweza kuruhusiwa kuondoka na mlinzi wake. Mgonjwa hapewi mtu.

"Nilikuwa nimeshapanga twende nyumbani sisi wote," anasema. "Siku hiyo nililia juu ya boda mpaka dereva akasimama, akaniuliza kama yeye amenikosea."

Alipomaliza kulia alifikia uamuzi wake. Kuna mtu anamtilia Sajini sumu. Mwizi anatafuta njia ya kuingia, na ameanza kwa kumwondoa mbwa. Basi jioni moja, maduka yakikaribia kufungwa, Amony alifunga geti kwa kufuli na kuwakusanya wafanyabiashara wote uani.

"Alitupanga kama wafungwa," anasimulia Okwir. "Mimi niliwaza chapati zangu kwenye moto."

Amony alisimama mbele yao, Sajini kando ya mguu wake. "Kuna mtu hapa anaua hii mbwa," aliwaambia. "Leo hatoki mtu mpaka nimjue."

Ndipo mkono ukainuka. Ulikuwa wa Marie-Louise, mama wa vitenge, aliyekuja Kampala kutoka Bukavu, kule Kongo, na ambaye hapa wote humwita Mama Exaucée kwa jina la binti yake. Pamoja na vitenge huuza pia makayabu, samaki wakavu wa chumvi.

"Afande, sumu sina," alisema. "Miye namupatiaka makayabu kidogo tu, kila asubui. Kidogo kabisa."

Okwir akakohoa. "Na mimi nampa chapati. Lakini ni ile imeungua."

Kakule, fundi cherehani, akakiri chai ya maziwa. Tangu mbwa aanze kuugua alikuwa akiipika na majani ya mpera, ili imfunge tumbo. Mwenye duka la simu akataja soseji. Muuza kuku akataja ngozi na shingo. Mikono iliendelea kuinuka, na kila mmoja aliapa kwamba ni yeye peke yake, na ni kidogo tu. Mbwa alipokonda, kila mmoja alimwonea huruma kivyake na kuongeza.

"Lakini nani aliwaambia mumpe?" Amony aliuliza, sauti imempanda.

Mama Exaucée alimtazama kwa mshangao. "Ni weye, afande."

Hapo Amony akakumbuka. Mama Exaucée alipofungua duka lake alikuwa akifika kabla ya mapambazuko, na Sajini alimzuia getini akimngurumia. Amony alimpa mama huyo kipande cha nyama na kumwambia ajitambulishe, kwa kuwa mbwa akishakula mkononi mwako hawezi kukusahau. Mama Exaucée alimfundisha jirani aliyefuata. Huyo akamfundisha mwingine. Maduka yalipojaa kufikia Machi, hapakuwa na mtu aliyefungua biashara hapo bila kujitambulisha kwa Sajini, na wengi waliona ni busara kurudia kila asubuhi.

"Kwetu hauendake kusalimia mukubwa mikono mitupu," Mama Exaucée ananieleza, kama mtu anayeshangaa kuulizwa.

Amony aliketi kwenye ngazi. Kisha naye akasema lake. Kila jioni, kinyume cha maneno aliyomwambia daktari, alikuwa akimpa Sajini kijiko cha odii, yaani simsim (ufuta) na karanga zilizosagwa pamoja mpaka zikatoa mafuta. Yeye hakuona kwamba huko ni kulisha. Kwake ilikuwa dawa.

"Mama yangu alitupa odii tukiugua, na tukapona," anasema. "Nilitafuta mwuaji, kumbe ni kundi zima, na mkubwa wao ni mimi."

Kesho yake alikwenda kwa Daktari Oola na jogoo hai kuomba msamaha. Daktari alimpokea, akacheka mpaka akavua miwani. Alimwagiza ampe Sajini wali mweupe na kuku wa kuchemsha asiye na chumvi, kisha amrudishe polepole kwenye chakula chake cha kawaida. Na mkono mwingine wowote usimguse mdomo.

Utaratibu wa utambulisho umebadilika. Mfanyabiashara mgeni analetwa na Amony, Sajini anamnusa viganja na viatu, kisha watatu hao wanalizunguka jengo pamoja. Inatosha. Aliyekataa kuelewa ni Sajini mwenyewe, ambaye bado hupita kila duka asubuhi, anaketi na kusubiri haki yake.

"Ananiangalia kama nimemfukuza kazi," anasema Okwir, mikono ameificha nyuma. "Inaniuma, wallahi."

Jumanne wiki hii meneja alirudi, nami nilikuwepo. Alimwona Sajini akikimbia, akampapasa mbavu, akamshika tumbo. Wafanyabiashara wote walikuwa wamesimama milangoni wakijifanya wanafagia. Meneja alisema mbwa anabaki kazini, na Amony akistaafu wataondoka pamoja. Mama Exaucée akapiga kigelegele, ufagio ungali mkononi. Amony aligeukia ukutani kufuta machozi.

Mpango wake ni kurudi Pader, alime simsim na kufuga mbuzi, Sajini awalinde. Hofu imebaki moja. Huko kwao, anasema, mgeni haketi hata kidogo kabla ya kuwekewa sahani. Kwa hiyo amempigia simu mapema dada yake mkubwa, Atoo, ili watu wajiandae.

"Nilimwambia nyumba yoyote isimpe Sajini chakula, hata akiwalilia. Atoo akaniuliza, 'Miaka yote hiyo amekulinda, na sasa unamleta kwetu tumnyime chakula. Amekukosea nini?'"