Mdogo Wangu na Vijana wa Kijiweni

Mdogo wangu wa mwisho alinifuata Dongobesh kwa sababu shamba la nyumbani Tlawi lilikuwa limekwisha. Halikuuzwa, liligawanywa tu. Babu aliwagawia wanawe, baba akawagawia kaka zangu, na zamu ya mdogo wangu ilipofika, baba alimwonyesha kipande cha mteremko ambacho hata mbuzi hukikanyaga kwa woga. "Mwanangu, uwezo wangu umeishia hapa," baba alimwambia. Akashukuru kwa adabu, kisha akafunga nguo zake kwenye mfuko wa salfeti na kuja sokoni nilikokuwa nikiuza mitumba.

Alipata kazi ya kupakia vitunguu saumu kwenye malori. Wapakiaji wengi walikuwa kama yeye, vijana waliokosa shamba. Tajiri mwenye mzigo alikuwa akimpunja mmoja ujira, na huyo akilalamika, anamwita mwingine. Basi wakakubaliana kwamba mmoja akipunjwa, hakuna atakayegusa gunia. Walikuwa wakikaa juu ya magogo karibu na mashine ya kusaga, na hapo pakawa kijiwe chao. Mwenzao alipoanguka kutoka kwenye lori akavunjika mguu, walimbeba hadi hospitali na kumlimia mama yake shamba mpaka alipopona. Nilijivunia sana kuwa dada wa mmoja wao.

Kisha maduka yakaanza kuvunjwa. Wafanyabiashara, akiwemo mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa akiniuzia nyuzi, waliwaomba vijana hao walinde mtaa, wakawapa marungu na tochi. Kila mwenye duka akatakiwa kuchangia. Mama alipopata habari, alinipigia simu akicheka: "Kwa hiyo mwanangu amekuwa askari?"

Siwezi kusema ni lini mambo yaligeuka. Nimejaribu kukumbuka, nashindwa. Nilianza kusikia kwamba asiyechangia huamka na kukuta mlango wake umeng'olewa. Nikamwuliza mdogo wangu alipokuja kunywa chai kwangu.

"Ni ninyi?"

"Dada, sisi tunawalinda waliochangia. Wengine tuwalinde kwa nini?"

"Sikuuliza mnamlinda nani. Nimeuliza nani anang'oa milango."

Akapuliza chai yake, akanywa, akaniambia imekolea tangawizi.

Baadaye vijana kutoka Masieda nao wakafungua kijiwe upande wa pili wa soko, wakitaka nao wapate malori ya kupakia. Siku ya mnada wakapigana, na damu ikarukia hadi kwenye mashati niliyokuwa nikiuza. Tangu siku ile, maduka yale yale yaliyowaita walinzi yakaanza kuwaita wahuni.

Siku moja asubuhi kukaitishwa mkutano wa kijiji. Mwenye duka mmoja aliyegoma kuchangia alikuwa amepigwa, mkono wake umevunjwa. Mkewe alisimama, akamnyooshea kidole mdogo wangu.

"Huyu ndiye aliyemshika mume wangu wenzake wakimpiga!"

Watu wakaanza kuokota mawe. Yule mzee wa nyuzi akajipenyeza katikati, kofia yake mkononi. "Jamani, marungu haya tuliwapa sisi," alisema. "Tuwapeleke polisi, tusiue mtu." Mmoja akamzomea, "Wewe walikulinda!" Mzee akabaki amesimama pale pale.

Mdogo wangu alinitazama mimi, hakuutazama umati. "Dada, nilimshika ili asianguke. Wangemkanyaga."

Yule mwanamke alisema kweli kwamba mdogo wangu alimshika mumewe. Na yeye alikiri kwamba alimshika. Mikono ni ile ile. Nilisimama pale nimefumbata kanga yangu, sijui nikae upande gani, hadi polisi walipokuja kumchukua pamoja na wenzake.

Alifungwa, akatoka, akarudi Tlawi kwa mama. Ule mteremko wake ameupiga matuta, anapanda viazi mviringo, na mama anasema vinakubali. Dongobesh hakanyagi.

Mwaka huu, baridi ilipoanza, yule mwenye duka alikuja kwenye meza yangu kutafuta koti. Mkono wake haukunyooka tena. Nilimsaidia kulivaa, nikamfunga vifungo.

"Mdogo wako hajambo?" akaniuliza.

"Hajambo. Yuko nyumbani, analima."

"Mwambie namsalimia."

Akalipa, akaenda zake. Jioni nilimpigia simu mdogo wangu nikampa salamu.

"Alisema kwa sauti gani, dada?"

Nilitaka kumjibu, lakini kila sauti niliyoijaribu moyoni ilikuwa ya uongo. Nikamwambia ni sauti ya kawaida tu, nikamwuliza habari za viazi.